Mkono ulianza kutetemeka tukidhani amepona

Mdogo wangu alianguka na bodaboda akiwa hana helmeti. Alikaa siku tisa bila fahamu. Alipotoka hospitali anatembea na kuongea, tulichinja mbuzi. Miezi minne baadaye mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akiulaza mapajani unatulia kidogo. Akinyanyua kikombe, chai humwagika kabla ya kufika mdomoni.

Majirani walisema ni pombe. Shangazi akasema kachezewa. Mimi nilimwambia ajikaze, na neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kadiri alivyojikaza ndivyo mkono ulivyozidi.

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyetufumbua macho. Kichwa kikigongwa vibaya, nyuzi zinazounganisha ubongo wa nyuma na sehemu za ndani zinazoongoza mwendo zinaweza kukatika. Kutetemeka kunaweza kuchelewa wiki au miezi, mgonjwa akionekana amepona. Wengine shingo au mguu hujipinda wenyewe, wengine mwendo wao huwa mzito na wa polepole kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Kwa hiyo usimfiche daktari ajali ya mwaka jana ukidhani imeshapita.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni simu. Kliniki ya kwanza tulisema tu "anatetemeka", tukapewa vitamini. Safari ya pili nilikuwa nimemrekodi akinywa maji, akiandika jina lake, akinyoosha mikono, akitembea. Daktari aliirudia video mara tatu, kisha akaanza kuuliza maswali ya maana.

Beba pia dawa zote, hata za kuzuia kutapika. Metoklopramidi (ya kutapika) na haloperidoli (ya kutuliza akili) zinaweza kuleta mijongeo ya ajabu, na valproeti, ambayo wengi hupewa kwa degedege baada ya ajali, yenyewe hutetemesha mikono. Lakini usimwachishe mwenyewe: dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege inaweza kurudi kwa nguvu.

Kwa kutetemeka, wetu alianzia dawa ya propranololi (mwenye pumu aseme mapema, haimfai), haikufua dafu. Klonazepamu ilimlaza mchana kutwa. Levodopa, dawa ya Parkinson, ndiyo iliyompunguzia, ingawa haikumaliza.

Nyumbani tunajaza kikombe nusu, chenye mfuniko na mrija, na viwiko anaviegemeza mezani. Wiki iliyopita alifunga vifungo vya shati peke yake. Ilimchukua dakika kumi na mbili, na hakuna aliyemsaidia.