Konokono uchi wa Karibi: anza na chakula chao

SWALI: Nazamia kwa mtungi kisiwani Bonaire. Kiongozi wetu huwaona konokono uchi, wale wasio na kombe, kila tunaposhuka. Nikitafuta mwenyewe simwoni hata mmoja. Nakosea wapi?

JIBU: Pengine unamtafuta mnyama badala ya chakula chake. Wengi wao huchagua mno, hula kitu kimoja au viwili tu, na hawabanduki hapo.

Anza na Elysia crispata, mwenye mgongo uliokunjamana kama jani la saladi. Hufika sentimita 5 hivi. Hula mwani, akabakiza chembechembe zake za kijani mwilini zikiendelea kunasa mwanga wa jua. Basi mtafute kwenye kina kifupi chenye mwanga, juu ya vifusi vya matumbawe vilivyoota mwani.

Ukishamzoea, mtafute Costasiella ocellifera. Huyu yuko kwenye Avrainvillea, mwani wa mchangani wenye bapa la kijani kama kasia dogo. Ana milimita chache tu, basi kagua bapa moja kwa dakika nzima, pande zote mbili, kabla ya kuhamia jingine. Tritonia hamnerorum naye hukaa kwenye tumbawe laini la zambarau lenye umbo la upepeo, Gorgonia ventalina. Mistari yake myembamba myeupe humpoteza kabisa kwenye wavu wa tumbawe. Hapohapo utakutana na Cyphoma gibbosum mwenye madoa ya chungwa. Usidanganyike: huyo ana kombe, ila amelifunika kwa nyama yake.

Ukiona utepe mweupe uliojiviringa, mwembamba kama uzi, hayo ni mayai. Tulia hapo, huenda mzazi hayuko mbali.

Beba tochi hata mchana, kwa kuwa wekundu hufifia ndani ya mita chache za kwanza. Mulika kutoka ubavuni, kivuli kitamfichua.

Kinachoharibu zaidi ni uzito. Ukifunga vizito vingi vya risasi kiunoni, miguu inazama, mapezi yanatimua mchanga, na huoni kitu. Mwisho wa mzamo, mtungi ukibaki na bar 50 (kipimo cha shinikizo la hewa) na koti la kuelea likiwa halina hewa, jaribu kutulia mita 5. Ukizama, punguza kilo moja, ujaribu tena safari ijayo. Wala usijishikize kwenye matumbawe. Glavu zimepigwa marufuku katika hifadhi ya bahari ya Bonaire, na ni haki kabisa.

SWALI: Nchi kavu navaa miwani ya kusomea. Chini ya maji nifanyeje?

JIBU: Maji hukuza vitu kwa takriban theluthi moja, lakini hiyo haitoshi kwa mnyama wa milimita 5. Nunua lenzi laini za kubandika zenye nguvu sawa na miwani yako ya kusomea. Safisha kioo cha miwani ya kuzamia, kilowanishe, ubandike lenzi ndani, sehemu ya chini, ukisukuma mapovu yote nje. Ziache zikauke usiku kucha. Ukizamia siku hiyohiyo, zitabanduka.