Re: Watu 12 kutoka Mwanza, bustani na misosi ya Cape Town siku moja inatosha?
Habari dada. Umesema muongozaji kawapangia bustani za Kirstenbosch na Company's Garden na chakula cha mtaa wa Bo-Kaap vyote siku moja, na mna wamama watu wazima. Haitoshi. Kikundi chetu cha Kirumba tulipangiwa hivyohivyo tukaishia kukimbizana.

Kwanza angalieni mwezi, Juni mpaka Agosti kule ni baridi na mvua, Septemba ndo maua yanachanua. Kirstenbosch ipeni siku yake kabisa, iko mteremkoni mwa Table Mountain nje ya katikati ya mji, kuna miinuko ya kupanda na lile daraja la kupita juu ya miti, wamama watataka kukaa kaa. Company's Garden, ile ya tangu 1652, iko mjini kwahiyo unganisheni na Bo-Kaap mnatembea tu kwa miguu. Jumapili asubuhi tafuteni koesister aisee, ni kama kaimati ya viungo imechovywa shira ikamwagiwa nazi, mi nilikula tatu nimesimama! Waislamu ni wengi pale, halali sio shida.

Na muongozaji muulizeni kabla kama chakula kimo kwenye hela mliyolipa, sisi tulilipa mara mbili na iliuma.