Demani Lamu: hesabu mwezi kabla ya kukata tiketi

Kuanzia mwisho wa Agosti, upepo wa kusi unapochoka, bahari yetu huanza kutulia. Wazee huuita msimu huu Demani. Baridi imeondoka, joto la kaskazi halijafika, na vuli ikiingia huleta mvua za ghafla zinazopita. Mimi ni mtu wa Malindi, na kila anayeniuliza aende Lamu lini humjibu Demani bila kusita. Kisha namuuliza mwezi una siku ngapi, ule wa angani, maana ndio ulioniharibia safari mbili.

Safari ya kwanza niliifuata Maulidi. Nilitazama kalenda ya ukutani, nikaona sikukuu ya mwezi 12 Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, nikakata tiketi ya basi. Nilifika nikakuta mji umetulia, watu wanaendelea na shughuli zao. Bibi mwenyeji wangu wa mtaa wa Langoni alinipokea begi mlangoni akashangaa. "Ndoo (njoo), mwanangu. Mbona umekuja mapema hivi?" Maulidi makubwa ya Lamu, yale ya Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, hufikia kilele wiki ya mwisho ya Mfungo Sita. Wageni wanaotoka Zanzibar, Ngazija na bara walikuwa bado hawajafika. Likizo yangu ilikwisha kabla ya zefe, yale maandamano ya Maulidi.

Kwa hiyo usitegemee tarehe ya mwaka jana. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, na Maulidi husogea nyuma kila mwaka. Miaka hii yanaangukia ndani ya Demani, lakini hayatakaa hapo. Mpigie simu mtu wa Lamu mwezi ukishaandama, umuulize.

Mwaka uliofuata nilihesabu vizuri, nikafika mwezi 24 Mfungo Sita. Asubuhi yake nikaona nipitishe mchana Takwa, ule mji wa mawe uliohamwa karne ya 17 kisiwani Manda. Tulikodi mashua watu watano. Njia ya kuingia Takwa ni mkono wa bahari mwembamba katikati ya mikoko, na hupitika maji yakijaa tu. Siku hiyo yalijaa kama saa saba mchana. Nahodha alituambia mapema, "Dada zangu, saa tisa tuwe tumeshatoka." Tukaingia msikiti wa kale, tukatazama ile nguzo iliyo juu ya kibla, tukakaa chini ya mibuyu, tukavuka hadi upande wa bahari kuu kuogelea. Tuliporudi saa kumi, mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Kaa wadogo wekundu walikuwa wakitembea pale tulipoteremkia kwenye maji ya kiuno. Nahodha hakutugombeza. Alikaa juu ya omo, mbele ya mashua, akatafuna tende, akatupa na sisi. Tulitoka saa nne na nusu usiku, na kwa mbali ng'ambo ya mkondo tukasikia matwari, zile ngoma za Maulidi, yanapigwa. Usiku niliousubiri mwaka mzima nikausikilizia mikokoni.

Bibi aliniwekea chai ya tangawizi. "Ungeniuliza mwezi una siku ngapi, ningekwambia."

Sasa najua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana alasiri, na kati ya asubuhi na adhuhuri hukauka mbali. Siku za katikati ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana. Ukitaka Takwa, mwambie nahodha achague siku na saa, kisha umtii. Ukitaka kutembea ufuo wa Shela mchanga ukiwa mpana na mgumu, nenda asubuhi ya bamvua.

Na Maulidi yenyewe? Siku za mwanzo kuna mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea, na kila mtu anakaribishwa kutazama. Usiku kwenye uwanja wa Riyadha vijana wa kanzu nyeupe hukaa safu zikitazamana, wanainama na kuinuka pamoja kwa mlio wa matwari na nai, yaani filimbi, na mtu hupita na mrashi akikunyunyizia marashi mkononi. Wanawake wana sehemu yao. Mimi hukaa huko, kikuba, kishada cha maua ya asmini, kifuani, na sijapata usiku wa amani kama ule mahali pengine. Ndiyo maana nasisitiza: hii ni ibada. Jistiri, hata kama si Mwislamu, na usimnyanyulie mtu simu usoni kabla hujamwomba ruhusa.

Asiyeweza kuyapata Maulidi angoje tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Kuna bao, mashairi, hina, na punda tena. Embe ngowe nazo huanza kuingia sokoni. Vyumba hujaa, kwa hiyo weka chako mapema, na ukipata chenye dari la juu mji wa kale, usikubali kubadilishiwa.

Kuhusu njia: toka Malindi alfajiri ili upite Garsen na Witu mchana, ufike Mokowe uchukue boti. Begi liwe dogo, maana vichochoro ni vyembamba na mzigo utaubeba wewe au mkokoteni. Asubuhi kula mahamri na mbaazi, jioni viazi karai pwani karibu na gati. Sahani ya sinia ukialikwa, kaa chini ule.

Mwaka huu nimempigia simu Bibi mapema. Kabla sijamaliza salamu aliniuliza, "Haya, niambie, leo mwezi ngapi?" Nikamjibu. Akacheka, akasema atanitilia maji mtungini.