Sabuni na Maji Kwanza, Kisha Hospitali Siku Hiyo Hiyo

Mhariri, wiki hii mmeuliza mzazi aanze na nini mtoto anapoumwa au kuparurwa na mnyama anayeweza kuwa na kichaa cha mbwa. Nikiwa muuguzi, najibu kwamba aanze na sabuni na maji, na asiache kuosha kidonda hadi dakika 15 zitimie.

Dakika hizo ni nyingi mtoto anapolia na kujinyonganyonga, kwa hiyo mtu mmoja ampakate na mwingine amimine maji. Pasipo bomba, ndoo, kopo na kipande cha sabuni ya kufulia vinatosha kabisa. Virusi vya kichaa cha mbwa vimezungukwa na utando wenye mafuta ambao sabuni huuharibu, na maji yanayotiririka huondoa mate ya mnyama kabla virusi havijaingia kwenye neva na kuanza kupanda kuelekea ubongoni. Iodini ikiwapo ipakwe baadaye. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe la nyoka visiguse kidonda hicho, kwani huweza kudhuru kidonda na kumcheleweshea mtoto chanjo.

Chanjo ndiyo itakayomwokoa, maana dalili za ugonjwa huu, ambazo mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi kujitokeza, zikishaonekana karibu kila mgonjwa hufa. Sindano ya kwanza ichomwe siku hiyo hiyo, nyingine siku ya 3 na ya 7, na zinazobaki kwa ratiba atakayoandikiwa. Aliyetobolewa ngozi huhitaji pia kingamwili, yaani kinga iliyo tayari dhidi ya virusi, zinazodungwa ndani na kandokando ya kidonda, na mzazi aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ninachoomba kwa moyo wote ni kwamba mkwaruzo mdogo usidharauliwe. Tundu la jino la paka huweza kuonekana kama alama ya mwiba, ilhali ndani limezama. Mtoto ni mfupi, hivyo mara nyingi hung'atwa usoni au kichwani, mahali palipo karibu na ubongo. Tena wengi hunyamaza wakiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa wa jirani. Tafadhali, tusiwachape, bali tuwaulize kwa upole na kuwakagua mwili mzima.

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe kwa siku 10 huku afisa mifugo akiarifiwa, lakini mtoto asisubirishwe sindano hata siku moja kwa sababu ya uangalizi huo.