Usiiuze hiyo Pentax ya mzee

Ndugu, umeuliza kama uiuze kamera ya Pentax K1000 uliyoachiwa na mzee kwa kuwa betri yake imekufa. Usiiuze. Kamera hiyo, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, inapiga picha hata bila betri. Betri ni ya sindano ya kupimia mwanga tu, ile unayoiona pembeni ukichungulia. Weka betri ndogo ya LR44. Haina swichi ya kuzima, kwa hiyo funika lenzi kila ukimaliza, la sivyo betri itaisha kimyakimya.

Kabla ya kununua mkanda wa picha (filamu), fungua mlango wa nyuma, vuta wenzo wa kusogezea mkanda, weka spidi ya sekunde 1, bonyeza. Pazia, yaani kitambaa cha ndani kinachoruhusu mwanga kupita, likifunguka na kujifunga bila kukwama, hapo una kamera nzima. Angalia pia sponji nyeusi kwenye kingo za mlango: zikinata kama lami, fundi azibadilishe, maana mwanga utapenya.

Jua kali la mchana, mkanda wa ISO 200 (kipimo cha jinsi mkanda unavyohisi mwanga)? Spidi ya sekunde 1/250, tundu la lenzi f/16, piga. Utaamua kila kitu mwenyewe, na picha kwa kawaida ni 36 tu kwa mkanda mmoja, kwa hiyo utamtazama mtu vizuri kabla ya kubonyeza. Raha hiyo mimi sijaipata kwenye simu yoyote.