Maswali ya wasomaji: Lenzi ndefu mtaani, inafaa kweli?

SWALI: Mambo vipi fundi. Mimi nina lenzi ndefu ya kuvutia mbali, 70-200 (milimita), niliichukua kwa ajili ya mechi na sherehe ila sasa nataka kuingia kwenye picha za mtaani. Shida kila ninayemuuliza ananiambia mtaani ni lenzi fupi za 35 au 50 basi, ukija na lidude refu watu wanakuona mpelelezi. Nimejaribu jioni, nyingi zimecheza (zimetoka na ukungu), na zile zilizotulia ndo hazina uhai kabisa, mtu yuko katikati peke yake nyuma kote kumefifia. Niuze lenzi au tatizo ni mimi? (Mwenye aibu ya kusogelea watu)

JIBU: Poa sana mwenye aibu, na lenzi usiuze. Hayo mambo ya 35 na 50 yamekuja kwa sababu wakubwa wengi walipiga hivyo, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson kazi zake nyingi ni 50, basi watu wakageuza kuwa amri. Mbona mpiga picha Saul Leiter alikuwa anapiga New York miaka ya 1950 na alipenda lenzi ndefu, anapitisha picha kwenye vioo vyenye mvuke na katikati ya watu wanaopita, na mpiga picha mwingine, Andreas Feininger, miaka ya 1940 alikuwa anaupiga mji huohuo kutoka mbali mno mpaka majengo na umati vinaonekana vimebanana.

Tuanze na kucheza maana hilo ni jepesi. Ukiwa 200 spidi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, na kama kamera yako ni ya sensa ndogo (kile kibamba kinachopokea picha), zile zinazovuta mara 1.5 zaidi, hesabu kama uko 300, kwa hiyo 1/320 hivi. Hapo ni kwa mtikisiko wa mkono wako tu, mtu anayetembea anataka 1/500 na kile kitulizi cha kwenye lenzi hakimsaidii yeye, kinakusaidia wewe. Jioni pandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) bila woga, chengachenga kidogo haziharibu picha kama mtu aliyegeuka moshi.

Sasa uhai. Naona kabisa ulichofanya, umefungua apecha (tundu la lenzi linaloingiza mwanga) yote f/2.8, ukamlenga mtu, ukamkata na mtaa wake, sasa hiyo ni pasipoti bwana siyo mtaa. Utamu wa lenzi ndefu uko kwenye kubananisha vitu, na kinachobananisha ni umbali uliosimama. Chukulia mtu yuko mita 30 kutoka kwako na bango liko mita 15 nyuma yake. Ukilinganisha na kama lingekuwa palepale alipo, bango linapungua ukubwa mara moja na nusu tu, kwa hiyo linamkalia mgongoni. Msogelee mpaka mita 3 na lenzi ya 35, bango lilelile linapungua mara sita, linakuwa kadogo huko nyuma. Ila ili lisomeke lazima ufunge apecha, yaani namba ya f iwe kubwa. Kwa 200 kwenye sensa kubwa, ukifokasi mita 30, f/2.8 inakupa kama mita 4 tu zilizo kali, f/8 inakupa kama 11, bango litakuwa laini kidogo lakini utajua limeandikwa nini. Jaribu f/8 mchana kwanza, jioni utarudi.

Na usiwinde mtu, winda sehemu. Tafuta mwanga umeangukia ukuta au watu wanavuka barabara wanakuja upande wako, panga fremu, fokasi weka mapema, halafu subiri. Wanaokatiza mbele yako waache wakatize, bega lililofifia pembeni au mgongo wa mtu unaofunika robo ya picha ndo unamwambia mtazamaji kwamba palikuwa na watu wengi, wengi wanazifuta hizo na mimi naona ndo bora kuliko zote.

Kuhusu aibu sitakudanganya, 70-200 ya f/2.8 ni kilo moja mpaka moja na nusu hivi, haifichi mtu. Simama wazi, akikutazama inua mkono au mwonyeshe picha, akikataa futa. Mtu aliye kwenye shida au dirishani kwake achana naye hata kama sheria ya ulipo inaruhusu.

SWALI: Vipi nikiongeza kiongezeo cha 2x (kipande cha kuongeza urefu wa lenzi mara mbili) nipate 400, itafaa mtaani? (Msomaji mwingine)

JIBU: Hapana kwa kweli. Kinakula stopu mbili (mwanga unabaki robo), f/2.8 yako inakuwa f/5.6, halafu spidi nayo inatakiwa ipande mpaka 1/400 kwenda juu, na mchana wa joto hewa inayopanda kutoka kwenye lami inaitafuna picha hata ungekuwa na stendi. Kama 200 haifiki, tembea.