Bozhentsi inafaa, ila lala huko usiku mmoja

Mkuu umeuliza kama Bozhentsi, kile kijiji cha zamani cha Bulgaria, inafaa kwa mtu mwenye siku mbili tu za kutoka mji mkuu Sofia. Inafaa, ila usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mpaka mji wa Gabrovo tu ni masaa matatu na kitu, halafu kuna kilomita kama 15 za kona kona, mi nilichukua teksi maana kusubiri basi la kijijini kungenilia siku.

Kijiji chenyewe kidogo, masaa mawili umemaliza, utamu uko kwenye nyumba. Chini ukuta wa mawe, enzi zile ndo pa mifugo na maduka, juu mbao na chokaa nyeupe imetokeza nje kidogo, na paa sio vigae wala bati, ni mabamba ya mawe yamelaliana tu, simama chini ya ukingo uangalie yalivyo mazito na yameota ukoga wa kijani. Tangu 1964 eneo zima linalindwa ndo maana hakuna aliyepachika ghorofa la vioo katikati.

Vaa viatu vya kushika, njia zote mawe, ikinyesha utateleza vibaya.

Halafu cheki hii, nilimuuliza mama mmoja wa nyumba ya wageni kama ana chumba akatikisa kichwa, nikabeba begi langu niondoke, akaniita huku anacheka, kumbe kwa Wabulgaria kutikisa hivyo ndo ndiyo yenyewe! Ukibaki na muda pitia mji wa Tryavna, upo karibu.